Bwana Fuller na Ukoo wa Madobi

Maskati, 9 Novemba 1964

Dada yangu Hind,

Kabla hujaendelea kaa kitako, maana anayekuandikia si yule Sleyum uliyekuwa ukimfukuza uani kwa ufagio. Hapa Maskati kuna Mwingereza mzima, mrefu kama mnazi, hatoki mlangoni mwake asubuhi mpaka mimi nimpe ruhusa. Nikisema leo hatoki, hatoki, hata awe na miadi na wakubwa. Na kule bandarini, kwenye majabali wanakopanda mabaharia na rangi nyeupe wakaandika majina ya meli zao, jina langu liko juu ya yote. Nahodha akiingia analiona kabla hajaiona ngome. Ukikataa shauri yako.

Haya, sasa salamu. Assalaamu alaykum wewe na mama, na jirani yetu Bi Nasriya, na kila anayeniulizia, na asiyeniulizia pia umwambie namsalimu nimuone atasema nini. Mie mzima, ila joto la huku si joto, ni adhabu. Mawe yanapata moto mchana, usiku yanakurudishia. Maji tunaletewa na punda. Mji una malango, na ukitaka kutembea yakishafungwa lazima uwe na fanusi mkononi ujulikane nani. Mie fanusi yangu kubwa kuliko ya mtu yeyote.

Nilishuka melini pamoja na mzee mmoja, Mzee Majid, mtu mwema, kafiwa na mkewe kabla ya safari. Ana shamba la mitende Hail. Amenisaidia sana. Basi, hilo halina maneno zaidi.

Kuhusu karatasi yenu ya kuingilia huku. Huku mtu haingii kwa kusema tu babu yangu katoka hapa. Lazima sheikh wa mji wa babu yako asimame mbele ya karani aseme: huyu namjua, mwana wa fulani bin fulani, watu wangu hawa. Akishasema, jina lako linaandikwa, na wewe nawe ndipo unapoweza kumwombea mama yako na dada yako waje. Wetu sisi ni sheikh wa Qurayyat, alikotoka babu. Nalishughulikia. Mwambie mama asifungue mizigo.

Nduguyo, mkubwa wa Maskati,
Sleyum


Unguja, 2 Februari 1965

Mdogo wangu Sleyum,

Wa alaykum salaam. Barua yako imechukua karibu miezi mitatu, imepitia Mombasa, na imefunguliwa na watu kabla yetu. Na wao nawasalimu, natumai wamecheka.

Sisi wazima. Mama macho yanazidi kumpungua, mimi nashona kofia, na siku zinakwenda tangu tulipomzika baba. Barua yako nimemsomea mara nne. Pale pa Mwingereza kuomba ruhusa kacheka mpaka kashika ubavu, kisha akanambia, "Hebu nipe." Nikampa. Akaiweka puani. "Kanji," akasema. "Sabuni na kanji. Mwanangu anafua." Nikaitazama vizuri, kweli, pembeni pana alama ya kidole, buluu ile ile ya nguo nyeupe iliyokuwa haitoki kwenye kucha za baba. Kwa hiyo Mwingereza hatoki asubuhi kwa sababu shati lake liko kwako, hujalipiga pasi. Mkubwa wa Maskati.

Usione haya. Mama kafurahi. Kasema, Bakhit kafa lakini kazi yake haikufa.

Bi Nasriya wanaondoka mwezi huu yeye na binti zake. Mwanawe Amur, uliyepanda naye meli moja, kamngoja huyo sheikh wa Qurayyat, kashuhudiwa, na karatasi ya mamaake imeshafika. Amur si mwerevu kukushinda, wewe mwenyewe ulikuwa ukimwita kichwa cha boga. Basi yake imetoka. Yako ina nini?

Mizigo hatujafungua. Mama kafunga hata kinu kidogo cha kutwangia hiliki. Nimemwambia hiliki huko ipo, kasema kinu hakipo.

Dada yako,
Hind bint Bakhit


Maskati, 17 Mei 1965

Dada Hind,

Salamu kwako na kwa mama, na pua ya mama nayo naipa salamu yake mbali. Mtu haoni vizuri lakini ananusa kutoka Unguja mpaka Maskati. Haya, nafua. Lakini sifui kama dobi wa kawaida. Kola nikishaitia kanji mimi, inasimama peke yake, mwenye shati hata akikosa shingo si neno.

Sasa sikiliza kisa. Huyu Mwingereza wangu anaitwa Bwana Fuller. Kazi yake kupima ardhi, lakini kazi aipendayo ni kulitafuta jina lake. Wallahi. Anaandika barua makanisani kwao, wanamjibu kwa kunakili vitabu vyao vya zamani vya kuzaliwa na kuzikwa, naye ana karatasi kubwa kama shuka, kaubandika ukoo wake ukutani wote, matawi juu ya matawi. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu, hili jina maana yake nini? Akakaa kitako akanieleza mpaka pasi yangu ikapoa.

Anasema zamani Waingereza walikuwa na jina moja moja tu. Halafu watu wa mfalme wakaja kijijini kuandika watu, wakakuta kila mtu ni Yohana. Wakachoka. Wakaandika Yohana wa kilimani, Yohana mwana wa fulani, Yohana mhunzi. Na babu yake Bwana Fuller, aliyekuwepo zaidi ya miaka mia sita nyuma, jina lake Adamu, akaandikwa Adamu Fuller, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukanyaga nguo. Sufi ikishafumwa, inatiwa ndani ya birika, mtu anaingia miguu mitupu anaikanyaga mchana kutwa mpaka ishikane na itakate. Na unajua walikuwa wakiikanyaga ndani ya nini? Mkojo. Mkojo uliolala, na udongo mweupe. Usimsomee mama hapo. Au msomee.

Kisha mtoto wake Adamu akawa mwoka mikate, bado anaitwa Mkanyaga Nguo. Mjukuu akawa askari, Mkanyaga Nguo. Huyu wa leo ana kofia na darubini, kasoma vyuo, na bado ni Mkanyaga Nguo, wala haoni haya, anafurahi kama kaokota lulu. Kanipa mkono, ati, "Sleyum, mimi na wewe kazi moja."

Nikatoka nje nikakaa na ndoo yangu kidogo. Baba angecheka sana.

Karatasi yenu, sheikh yuko safarini. Akirudi tu.

Sleyum


Unguja, 30 Oktoba 1965

Mdogo wangu,

Salamu baada ya salamu. Mama nilimsomea pale pa mkojo, kacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, kwa sababu baba ndiye angekichukua kisa kile akakitembeza kibarazani wiki nzima.

Sasa nakuuliza jambo, nawe unijibu.

Bi Nasriya kaandika kutoka huko. Kasema wamefika salama, wamekutafuta wakupe kikapu cha mama, wameuliza Matrah na Maskati. Wanaambiwa hapana mtu anayeitwa Sleyum bin Bakhit. Yuko mmoja tu Sleyum anayefulia Waingereza, naye ni Sleyum bin Majid. Amur kamwambia mamaake asiulize zaidi. Bi Nasriya kaniuliza mimi, na mimi ndiyo nakuuliza wewe. Huyo bin Majid ni nani?

Na sheikh wa Qurayyat hajasafiri. Amur kanywa naye kahawa mwezi uliopita.

Mama sijamwambia. Kila asubuhi ananiuliza kama posta imefungua. Tena kuna watu walipita hapa kuulizia nina umri gani na nimeposwa na nani. Zaidi ya hapo siandiki. Wewe fanya haraka tu.

Hind


Maskati, 11 Machi 1966

Dada Hind,

Assalaamu alaykum. Natumai mama anaendelea vizuri na dawa ya macho niliyompa baharia imefika. Mie nimeota ndevu. Chache, lakini zimejipanga.

Bi Nasriya tangu yuko Unguja maneno yake mengi, nashangaa meli haikuzama. Watu wa huku wanachanganya majina, wewe unajua. Mtu akikaa nyumba ya mtu anaitwa kwa nyumba ile. Basi.

Nikwambie habari za Bwana Fuller. Kwenye ukoo wake pana tawi moja lilikuwa limekatika, mwaka mmoja hivi wa zamani sana, kijana anaitwa Toma. Alikuwa hapo kitabuni kazaliwa, halafu hayupo, hakuoa, hakuzikwa. Bwana Fuller kamtafuta miaka minne. Juzi kapata barua. Toma alikwenda mji mkubwa, akaona jina la Mkanyaga Nguo linanuka, akatafuta bwana mmoja tajiri asiye na mtoto, akachukua jina la bwana yule. Akafanikiwa, kajenga nyumba ya mawe. Bwana Fuller kafurahi kumpata, kafungua kopo la biskuti. Kisha akanionesha nakala ya kitabu cha kuzikwa watu cha kule kijijini, jina la mamaake Toma. Wameandika: mjane Fuller, hana mtoto. Toma wakati huo yu hai, ana watoto saba.

Nikamuuliza Bwana Fuller, kwa nini wameandika hana, na yeye anaye? Akasema karani huandika anachoambiwa na anachokiona mlangoni. Hakuna aliyekuja kuzika, basi hana.

Siku ile niliunguza shati. La kwanza tangu nije.

Bwana Fuller anataka kunichorea na mimi ukoo wangu, kwa wino. Kaniuliza baba yako nani, babu yako nani. Nikamwambia. Usiniulize nilimwambia nini.

Karatasi inakuja, dada. Mwambie mama inakuja.

Sleyum


Unguja, 4 Machi 1967

Sleyum,

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Mama katutoka Jumatatu ya tarehe 13 Februari, baada ya alfajiri. Homa ya siku tano. Tumemzika pembeni ya baba. Waliochimba ni majirani, na aliyeshuka kaburini kumpokea ni mtoto wa mwenye duka, kwa sababu mwanawe hakuwepo.

Hakukulaumu hata mara moja. Siku ya nne kaniomba nimsomee barua zote, kuanzia ile ya fanusi. Nilipofika pa jabali, kasema nirudie. "Kaandika jina gani juu huko?" kaniuliza. Nikasema jina lake, mama. "La baba yake je, kaliandika?" Nikasema kaliandika. Nimekusemea wewe uongo wako mmoja, nao nitaujibu mimi mbele ya Mungu.

Mizigo nimeifungua mimi. Kinu ninacho.

Hind


Unguja, 22 Juni 1969

Sleyum,

Salamu. Miaka mitatu na zaidi hujaandika. Amur kamwandikia mtu hapa kwamba unaishi, basi alhamdulillahi.

Nimeolewa tangu mwezi wa pili. Sikuulizwa sana. Si mtu mbaya, hanipigi, na hataki kusikia habari za safari. Kwa hivyo ile karatasi usiitafute tena, usije ukajisumbua. Nnaye mtoto njiani. Akiwa mwanamume ataitwa Bakhit, hilo nimeshamwambia baba yake na kakubali.

Sikuandikii kukuumiza. Nnakuandikia kwa sababu tumebaki wawili.

Dada yako


Maskati, 12 Oktoba 1970

Dada Hind,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Salamu kwa shemeji, na kwa Bakhit mdogo, ambaye Amur kanambia kazaliwa na anapiga kelele kuliko mjomba wake. Namwombea heri na umri mrefu.

Barua hii nimeianza mara sita. Sina cha kujisifia ndani yake, ndiyo maana inachelewa. Jabalini sijaandika kitu. Nilipanda siku moja na kopo la chokaa nililoomba kwa baharia, nikafika juu, nikakaa. Sikujua niandike Sleyum bin nani. Nikashuka, chokaa nikampa fundi akapaka ukuta wa choo.

Mambo ya huku yamebadilika tangu Julai, alipoingia Sultani mpya. Malango ya mji hayafungwi tena, fanusi yangu sasa ni ya kuku. Watu waliokuwa nje wanaitwa warudi, na tuliopo tumeambiwa tujiandikishe upya. Mzee Majid kafariki mwaka jana, Mungu amrehemu, kwa hiyo hakuna tena nitakayemtia matatani nikisema kweli. Mwezi uliopita nimekwenda Qurayyat kwa gari la samaki. Nikamwendea sheikh, mzee sasa. Nikamwambia, mimi ni Sleyum bin Bakhit bin Sleyum. "Babu yako tulivua pamoja," akasema. "Mwaka ule wa meli nilikuja forodhani nikaita jina lake. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwepo, dada. Nilikuwa nimerudi kuchukua kasha la Mzee Majid. Nilimsikia kwa masikio yangu, kasimama mlangoni kwa forodha: "Yuko hapa mtu yeyote wa Sleyum wa Qurayyat?" Mara mbili. Amur alikuwa pembeni yangu, akanibana mbavu. Nikatazama kasha. Maana siku kumi na moja kabla yake nilikuwa nimeshaingia mjini kwa karatasi ya mtu mwingine, na nikisema sasa, mimi na mzee tunarudishwa melini sote.

Lakini hilo silo. Nimezoea kusema hilo moyoni ili nisiseme lenyewe.

Bwana Fuller anaondoka wiki ijayo kurudi kwao. Jana alikuwa anakunja ukoo wake, akatoa na ule wangu alionichorea kwa wino. Nikamwomba kalamu. Nikafuta Majid, nikaandika Bakhit, dobi, wa Funguni, Unguja. Na mahali pa mama, palipokuwa patupu, nikaandika Masouda. Akaniuliza, "Karani alikosea?" Nikamwambia hapana, karani aliandika alichoambiwa. Kanipa mkono kama siku ile, na mimi sikuweza kuushika vizuri, wangu ulikuwa na maji ya sabuni.

Sasa nakwambia. Tulishuka melini watu wengi. Tukaambiwa wa Qurayyat wangoje ghalani, sheikh wao atakuja baada ya siku kumi hivi. Ghala lile joto, watu wanatapika, na karani anamuuliza kila mtu mbele za watu, baba yako alikuwa nani huko, alikuwa anafanya kazi gani. Mbele yangu mmoja kasema mwenye mashamba, mwingine kasema kadhi. Nikaona na mimi nitakuja kusimama hapa niseme dobi. Hiyo ndiyo haya yangu, dada, wala haina zaidi. Mzee Majid alikuwa na karatasi tayari, yeye na mwanawe, jina la mwana halikuandikwa, na mwanawe kabaki Mombasa. Akanihurumia. Akasema, njoo uingie nami, baadaye tutatengeneza. Ningengoja siku kumi na moja mama angekuja kwenye meli moja na Bi Nasriya.

Tukasimama mezani. Karani akaandika Sleyum bin Majid. Akamuuliza mzee, mama wa kijana yuko wapi, naye anakuja? Mzee Majid mkewe alikwishakufa, lakini hakutaka kulisema hilo juu ya mama yetu, akanigeukia anisubiri mimi. Karani naye akaninyanyulia macho, kalamu imesimama. Mama siku ile alikuwa na miaka arobaini na tano, yu mzima, anafunga mizigo.

Nikasema: marehemu.